Waziri wa Sima

Mji wa Kale, Mombasa
Usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Maimuna,

Nakusalimu kwa salamu zote ninazozijua, na zile nisizozijua Mwenyezi Mungu atanitimizia.

Umekwenda Kibokoni kwa nyanya yako, kwa kuwa ameshikilia kwamba usiku wa mwisho ni haki yake. Sikushindana naye. Katika maisha yangu nimemwona mtu mmoja tu aliyeweza kushindana na mama yangu, na habari za mtu huyo ndizo zilizonikalisha hapa na kalamu.

Sitakuandikia habari za nguo, wala za mafuta ya nywele, wala za kutosimama peke yako kwenye sitaha ya meli. Hayo nimekwisha kuyasema mpaka ukanijibu kwa kuyamaliza mwenyewe kabla sijafika mwisho. Nataka kukwambia habari za baba yako. Najua utasema wamjua. Wamjua kama mtoto anavyomjua babake: kikohozi chake mlangoni, miwani yake, namna anavyokata embe. Lakini ukifika Unguja watakuuliza wewe mtoto wa nani, kwani hiyo ndiyo kawaida yetu watu wa pwani, nawe utalitaja jina lake. Hapo utaona nyuso zinageuka. Wako watakaokuongezea mto wa kuegemea. Wako watakaonyamaza. Na mmoja, hakosekani, atapiga kofi gotini na kusema, "Aa! Waziri wa Sima!" Siku hiyo sitaki ucheke naye kwa kutojua, wala sitaki ugombane naye. Nataka uwe unajua.

Nilipoozwa, baba yako alikuwa mwalimu wa historia katika skuli ya wavulana hapa kisiwani. Nyanya yako hakumtaka hata kidogo. Alisema, "Mume wa chaki huyo. Atakulisha habari za wafalme waliokufa." Babu yako ndiye aliyekubali, Mungu amrehemu, kwa sababu alipenda mazungumzo yake.

Nilikuta kijana asiyejua bei ya nazi, ila ukimtajia nyumba yoyote ya mtaa huu atakwambia nani aliijenga, nani aliirithi na nani walipelekana kwa kadhi kwa ajili yake. Hakusomesha kwa kitabu peke yake. Aliwatuma wanafunzi wakawaulize nyanya zao, kisha nyanya hao wakaja mlangoni kwetu kulalamika: "Mwalimu, mbona watutumia watoto kutuchokora?" Mwanafunzi akisimama kujibu darasani, yeye humwuliza, "Nani kasema? Naye alikuwapo?" Hata mimi nyumbani hakunipumzisha. Narudi arusini na habari tamu ya bibi fulani na mumewe, nimeibeba njia nzima, nayo haijafika nusu, "Nani kasema, Mama Maimuna? Naye alikuwapo?" Basi habari yangu inanifia mdomoni.

Kisha vita vikaja. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani wakumbuka madirisha yakifunikwa kwa nguo nyeusi na bandari ya Kilindini ikijaa askari wa kila rangi. Mchele uliokuwa ukitujia kwa meli kutoka ng'ambo ukakatika. Watu wakawa wanapanga foleni madukani tangu alfajiri na kurudi na vikapu vitupu. Serikali ikatafuta mtu wa kusimamia ugawaji wa chakula katika Mji wa Kale, mtu ajuaye kila nyumba na kila ukoo, asome Kiingereza na aaminiwe. Wakamtoa baba yako darasani.

Alipewa afisi yenye panka, karani, na cheo kirefu cha Kiingereza ambacho hapakuwa na ulimi uliokiweza. Watu wakakifupisha. Wakamwita Waziri. Mwanzo ilikuwa mzaha, halafu ikawa nusu mzaha, na siku zilipozidi kuwa ngumu haikuwa mzaha tena, kwa sababu mkononi mwake ndimo ulimopita mchele.

Mimi nilifurahi, Maimuna. Sitakuficha. Arusini nilikuwa nikikaa karibu na mlango, penye viatu. Sasa naitwa mbele, nawekewa mto. Nikaanza kutembea polepole njiani ili watu wapate nafasi ya kunisalimu. Na nyanya yako, yule aliyemkataa mume wa chaki, akawa akisema mbele za watu, "Mkwe wangu nilimwona tangu zamani kuwa si mtu wa kawaida." Baba yako alimsikia akisema hivyo, akainamisha kichwa, wala hakumwuliza nani kasema.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoikorofisha hadithi.

Ilikuja amri. Mchele uliopo ni mchache, basi watapewa wale ambao wali ndio chakula chao: Wahindi na Waarabu. Mwafrika atapewa unga wa mahindi asongee sima. Karatasini ni jambo rahisi. Lakini wewe umezaliwa mji huu. Hebu simama barazani kwetu, tazama wapitao, kisha uniambie nani ni nani. Waswahili tuwekwe wapi? Mwenye babu aliyetoka Hadhramaut na nyanya aliyetoka Rabai apewe kadi gani? Wao wakasema, aliye na ushahidi wa kuwa Mwarabu aulete, mwalimu wa historia autazame, atie sahihi, na huyo atapewa kadi ya mchele.

Shajara za nasaba zikaanza kutoka makabatini. Watu waliokuwa hawajui jina la baba wa babu yao wakawa wanawataja wazee wao mpaka ng'ambo ya bahari. Baraza letu halikuwa na nafasi ya kukalia. Baba yako alinambia jioni moja, akicheka kwa uchovu, "Mji huu umepata wanahistoria wengi mwezi huu kuliko niliowasomesha mimi umri wangu wote."

Lakini alitia sahihi. Wampendao hawatakwambia hili, mimi nakwambia. Siku za mwanzo alitia sahihi, moja baada ya moja. Alitia ya nyanya yako. Alitia ya nyumba yetu. Alidhani, kama alivyonieleza baadaye, kwamba kila sahihi ni nyumba moja zaidi itakayokula, na kwamba huruma ikitosha hesabu itajiweka sawa yenyewe. Hakuiona nyumba ya pili, ile isiyopata.

Nyumba ya pili ilikuwa chini ya ngazi zetu. Mwanajuma na mumewe Bakari, Wadigo, watu wa Likoni, walikaa chumba cha chini tangu kabla hujazaliwa. Bakari alikuwa hamali Kilindini. Binti yao Mishi na wewe mlikula sinia moja tangu mlipojua kukaa. Mwanajuma alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa pili, naye kadi yake ilikuwa ya mahindi. Alipokwenda dukani kutaka mchele kidogo wa uji wa uzazi, muuzaji alimrudisha, na wala hakukosea, alifuata alichoambiwa.

Siku hiyo nyanya yako alikuwa kwetu. Niliandaa chakula cha mchana. Mishi akapanda ngazi kama kila siku, akaketi. Nyanya yako akainuka, akatwaa sahani, akampakulia Mishi sima ambayo mtoto mwenyewe alikuja nayo kutoka kwao chini, akaiweka upande wa pili wa mkeka. Wali ukabaki kwako peke yako. Nami nilikuwapo. Niliona, sikusema kitu.

Baba yako akaingia akitoka afisi. Alikuwa amekwisha kunawa, maji yakimchuruzika vidoleni. Akautazama mkeka.

"Nani aliyewatenga watoto hawa?"

Mimi nikatazama chini. Nyanya yako akamtazama usoni, kwa upole, si kwa ukorofi.

"Serikali imewatenga," alisema. "Na serikali ni wewe, mwanangu."

Alisimama pale mpaka mikono yake ikakauka. Kisha akavaa viatu akarudi afisi bila kula.

Jioni alinihadithia yaliyopita huko, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wake, Mzungu aliyekuwa juu ya kazi hiyo, akamwambia hatatia sahihi tena shajara ya mtu yeyote.

"Akaniuliza," alisema baba yako, "kama si mimi, ni nani atakayemwambia nani Mwarabu na nani si Mwarabu? Akasema, wewe si mwalimu wa historia? Nikamwambia, Bwana, kadiri ninavyozidi kuijua historia ya mji huu ndivyo ninavyozidi kushindwa kukujibu."

"Akasemaje?"

"Akasema basi niache kazi. Ataweka mwengine, tena mwepesi wa kalamu kuliko mimi."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikamwambia siachi."

Sikumwelewa. Nilidhani mtu akichukia jambo huliacha, akarudi kwake na heshima yake. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Nikiondoka nitakuwa nimejisafisha mimi tu. Chakula kitaendelea kugawanywa vilevile, na mimi sitakuwapo."

Kisha akatoa kadi mfukoni akaiweka mbele yangu.

"Kadi ya nani hii?"

"Yetu."

"Hii ya mahindi. Umekosea."

"Sikukosea, Mama Maimuna. Nimeibadilisha."

Niliyoyasema usiku ule siyaandiki yote. Nilimwambia hana haki ya kujitafutia utukufu kwa tumbo la mtoto wangu. Nilimwambia mama yangu alisema kweli juu yake tangu mwanzo. Yeye alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema tu, "Pengine." Neno hilo liliniudhi kuliko kama angalinipigia kelele. Haikupita wiki nikakuchukua wewe, nikachukua mapambo yangu, nikaenda kukaa Kibokoni kwa nyanya yako, kula mchele uliotolewa kwa sahihi ya mume niliyemkimbia. Hilo halikunipitia akilini wakati ule.

Na jina la Waziri wa Sima lilizaliwa siku hizo, nilipokuwa sipo. Alikuwa akibeba chakula chake kutoka nyumbani kwa bakuli lenye kifuniko, na saa ya kula ikifika alikifunua mezani, mbele ya yeyote aliyekuja kulalamika, akamkaribisha. Mwenye shajara mkononi anaingia, anakaribishwa sima na mchicha. Wengi waliona wametukanwa. Walisema mtu mwenye asili yake, mjukuu wa fulani, anawadhalilisha makusudi. Akipita penye baraza mazungumzo hukatika. Wanafunzi wake wa zamani, wale aliowapenda kama wanawe, walivuka njia ili wasimsalimu. Alilijua jina alilopewa. Niliambiwa kwamba mara ya kwanza kuitwa hivyo usoni aliitikia, "Labeka."

Wakati huohuo ulitolewa unga mbaya kutoka ghala moja huko Shimanzi, unga mchungu wenye fukusi. Waliokuwa wakiula walilalamika na hawakusikizwa. Baba yako aliuleta nyumbani, akaupika, akaupeleka kwa yule Mzungu, akaketi mbele yake akala tonge la kwanza, kisha akasema, "Karibu, Bwana." Yule Mzungu, nadhani naye alikuwa binadamu, alilitazama bakuli kwa muda mrefu. Hakula. Lakini ghala likafunguliwa siku ileile, unga ule ukatupwa, na wa pili ukaletwa mzuri. Ndipo nilipoanza kuelewa maana ya lile neno lake, "sitakuwapo."

Habari hizo alinieleza Mwanajuma. Alikuja Kibokoni mchana mmoja, mtoto mgongoni, akabisha hodi kwa adabu zote, akamwamkia nyanya yako, naye akamwitikia kwa ncha ya ulimi. Mwanajuma akaketi karibu yangu.

"Wajua nani ampikia mumeo?" aliniuliza.

"Sijui. Kwani ni nani?"

"Apika mwenyewe. Mume wangu amfundisha kusonga sima jioni akitoka bandarini. Juzi waliiunguza wote wawili, nyumba ikajaa moshi, majirani wakadhani tumepigwa bomu."

Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha yale machozi hayakukoma. Mwanajuma hakunigusa wala hakunibembeleza. Alingoja. Halafu akasema, "Bi Rukiya, mimi sikuja kukuombea. Nimekuja kwa sababu chumba chetu chaingia moshi."

Nikainuka, nikavaa buibui langu. Nyanya yako akaniuliza nakwenda wapi.

"Kwangu."

"Waenda kula sima?"

"Naenda kula na mume wangu."

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya seredani akipuliza makaa, miwani imejaa jivu. Alinitazama, akasema, "Karibu," kama mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima. Nikamnyang'anya mwiko. Hatukuwahi kuzungumza habari za kuondoka kwangu, mpaka leo. Nimejutia mambo mawili katika ndoa yangu, na hilo ni la kwanza: si kwamba nilikasirika, bali kwamba nilimwacha awe peke yake katika jambo la haki.

Baadaye alikuja mkubwa mwengine kutoka Nairobi kusikiliza malalamiko. Kukafanywa baraza, wazee wa Mji wa Kale wakaitwa, na sisi wanawake tukakaa nyuma ya pazia. Nyanya yako alikuja pia, amevaa vizuri kabisa, akitarajia kumwona mkwe wake akifukuzwa. Wazee walisema, mmoja baada ya mwengine, kwa lugha iliyopambwa, kwamba wao ni watu wa mchele tangu dahari, na kwamba Mwalimu amewavunjia nasaba zao. Mwisho baba yako akaambiwa ajitetee.

Alisimama. Nilidhani atatoa historia, tangu enzi za Wareno. Hakuitoa.

"Mama yangu alipokuwa mgonjwa," alisema, "mimi nilinyonyeshwa na mwanamke wa Rabai. Katika dini yetu yule ni mama yangu. Wanawe ni ndugu zangu, siruhusiwi kuwaoa binti zake. Jambo hilo hakuna hapa asiyelijua. Sasa Bwana Mkubwa, tafadhali niambie, nichukue kadi ya mama yupi?"

Kisha akawageukia wazee, akasema kwa heshima, kama mtoto mbele ya baba zake, "Nami sidhani niko peke yangu."

Hakumtaja mtu. Alikuwa anajua, Maimuna! Alijua kila nyumba, angeweza kuwataja wote kwa majina na mama zao wa kunyonya. Hakumtaja hata mmoja. Aliketi chini.

Muda ukapita, mpaka nikaona vibaya kwa ajili yake. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa amesema kwa ukali kuliko wote, akainua bakora yake juu kidogo. "Mimi pia," alisema. "Alikuwa Mduruma." Halafu mwengine. Halafu nyuma ya pazia letu nikasikia mabibi wananong'onezana majina ya wanawake waliokwisha kufa zamani, majina ambayo hayamo katika shajara yoyote.

Nisikudanganye kwamba alishinda. Kadi ziliendelea mpaka mchele uliporudi. Alichopata ni kimoja: kwamba watoto wachanga, wagonjwa na wazazi wapya wapewe mchele bila kuulizwa asili yao. Mwanajuma aliupata wake akiwa bado ananyonyesha. Baba yako aliniambia ni kidogo mno. Mimi nilikuwa nimeuona uso wa Mwanajuma akipanda ngazi na kikapu chake, sikuona kuwa ni kidogo.

Baada ya baraza lile nyanya yako alikaa siku kadhaa bila kuonekana. Kisha mchana mmoja akaingia jikoni kwangu bila hodi, akanikuta nasonga. Akasimama akinitazama.

"Sima haisongwi hivyo," alisema. "Nipa."

Akakunja mikono ya kanzu yake, akaushika mwiko. Mwanangu, ungaliiona ile mikono! Aliikandamiza sima, akaigeuza, akaipigapiga ubavuni mwa sufuria, ikatoka laini, haina hata donge moja. Mkono ule haukujifunza siku ile. Mimi, binti yake, sikuwahi kumwona akila sima wala kuitaja ila kwa dharau. Akaipakua, akamwita Mishi, akakuita wewe, akawawekea sinia moja. "Ndooni mule, yapoa."

Baba yako alikuwa mlangoni. Alimtazama mama mkwe wake, akaitazama ile sima, nami nikaliona swali likimpanda mpaka kwenye midomo. Maisha yake yote kazi yake ni kuuliza. Hakuuliza. Alinawa, akaketi na watoto, akala, akasema, "Ahsante, Mama." Nyanya yako akageuka upande, akajifanya anatafuta chumvi.

Vita vilipokwisha alirudi darasani, na sijamwona na furaha kama hiyo. Lakini haikudumu. Wazee walewale, hata yule wa bakora, walikuja barazani kwetu wakamwomba akubali jina lake lipelekwe Nairobi, aingie katika Baraza la serikali, apewe dhamana ya mambo ya watu wa pwani. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la pili. Mara ya kwanza nilipenda cheo kwa ajili ya mto wa kuegemea. Mara hii nilikikataa kwa ajili ya hofu. Nilimwambia, "Umekwisha kuonja. Waache wengine nao waonje." Niling'ang'ania siku nyingi, na kwa sababu yangu alichelewa kuwajibu. Mwisho aliniambia, "Darasani nawaambia watoto yaliyokwisha kutokea. Kule nitakuwapo yanapotokea." Nikamfungia sanduku lake mwenyewe.

Sasa wewe wajua mengine. Wajua safari zake za garimoshi, na makoti mazito ya baridi ya Nairobi anayorudi nayo, na kwamba watu wakimwita Waziri leo hawacheki. Nimewasikia watu wazima wakisema kwamba hajawahi kusema uongo katika Baraza lile, na kwamba anapozungumza hata wasiompenda huacha kuchezea karatasi zao. Naamini, ingawa sikuwapo. Mimi namjua kwa sima.

Imebaki habari ya safari yako. Ulipoandikiwa kwamba umepata nafasi ya kusomea ualimu Unguja, ami zako walikuja hapa kusema kwamba msichana wa nyumba hii havuki bahari bila mume. Niliwaambia nitamngoja baba yako. Naye akaniletea habari kwa maneno machache: "Uamuzi ni wako. Lolote utakaloamua nitasimama nyuma yako." Nilimkasirikia tena, kama zamani. Nilitaka aamue yeye ili nikija kujuta nimlaumu yeye. Nilikaa na jambo hilo mpaka ukaanza kukonda, nami nikakuona unavyokonda, nikanyamaza. Unisamehe kwa siku zile.

Nikaenda kwa nyanya yako nikiwa na hakika atanisaidia kukataa. Alikuwa ameketi kitandani akipasua tambuu. Nikamweleza yote. Alitafuna kwanza, akamaliza. Kisha akasema, "Mwache aende. Sisi tulijua mambo mengi, Rukiya, na hapana aliyetuuliza ila yule mumeo." Nilirudi nyumbani nikawaambia ami zako wewe unakwenda.

Sikupi mausia marefu. Utakuwa mwalimu, na siku moja, pengine, utakuwa zaidi ya mwalimu, maana dunia inageuka nami naiona. Utaletewa jambo dogo utie sahihi. Kila mtu huletewa lake. Baba yako alikosea lake mara nyingi kabla ya kulipata, na sidhani anataka uamini vingine. Mtazame mtu wa chumba cha chini. Zaidi ya hapo sina nikijuacho.

Garimoshi la Nairobi hufika asubuhi. Baba yako ameomba ruhusa, atashuka stesheni aje moja kwa moja Kilindini, na koti lake la baridi huenda akawa bado amelivaa. Hatasema mengi. Mtu huyu aliyenena mbele ya wakubwa bila kutetemeka hawezi kumuaga bintiye. Basi usimtazame sana usoni. Kama una la kumwambia, mwambie huku unaitazama meli, naye atakujibu.

Ami zako watakuwapo pia, wamekubali, mmoja amekununulia hata mwavuli. Mwanajuma na Mishi watakuja. Nami nitakuwa katikati yao katika buibui langu, na kwa kuwa hutaweza kunitambua kutoka sitahani miongoni mwa mabuibui yote yale, nitainua mkono wa kushoto, wengine wote watainua wa kulia.

Na barua yako ya kwanza, Maimuna, iandike kwa jina langu. Wakubwa wote wa nchi hii humwandikia baba yako. Hiyo nataka niifungue mwenyewe, niisome mpaka mwisho, kisha yeye aje aniombe.

Mungu akutangulie njiani na akukute ufikapo.

Mimi mamako,
Rukiya